Koti la Kwenda Kanada

Nyumba ya Vasta pale Bwera ilikuwa na mlango wa mbao za mvule, mzuri, ambao Blasio mumewe aliununua mwaka ambao kahawa ilizaa vizuri. Lakini tangu ulipowekwa, hakuna aliyewahi kuusikia ukigonga fremu yake mchana. Anayekwenda sokoni atapita kwa Vasta kuuliza nani ametangulia. Anayerudi atapita kunywa maji na kusema aliyoyaona. Ukitaka kujua binti wa nani kule Kyondo amerudisha posa, au katekista gani amekutwa kilabuni, redio ilikuwa ya nini?

Mwezi wa Julai, mwaka 1969, nyumba ilijaa kupita kawaida, kwa sababu Naome, mtoto wa kwanza wa Vasta, alikuwa anakwenda Kanada. Makerere alikwisha kumaliza, shahada ya mimea anayo, na sasa chuo kikuu kimoja cha huko kimemwita akasome shahada ya pili, miaka miwili, juu ya ugonjwa unaoozesha kahawa ikiwa bado tawini. Watu wa Bwera hawakushangaa mtoto wao kuitwa Ulaya. Walichoshangaa ni Wazungu kumlipia mtu nauli akasome kahawa mahali ambapo kahawa haioti.

Kila mtu alikuwa na mchango wake. Danieri, aliyepigana Burma, alifundisha habari za baridi, ingawa Burma alikofika yeye watu walikufa kwa joto. Picha ya eksirei ya kifua aliyopigwa Naome hospitalini Kilembe ilipelekwa dirishani, ikapita mkono kwa mkono. Mama mkwe wa Vasta, bibi Ithungu, aliigeuza juu chini akauliza, "Mbona mbavu zote zipo na moyo haupo? Mmempiga picha mtoto au kikapu?"

Zedekia fundi cherehani alijitolea kushona koti. Kitambaa kizito hakikuwepo Bwera, basi Naome mwenyewe, Jumatano mama yake akiwa shambani, alifungua sanduku la chini ya kitanda akatoa blanketi la kijivu alilolalia utotoni. Alilipenda kuliko nguo yoyote. Vasta siku zote alisema alilinunua duka la Mhindi, Kasese.

Aliporudi kutoka shambani akaambiwa blanketi liko kwa fundi, Vasta alikaa chini kwanza, jembe bado mkononi. Kisha akasema, "Haya." Neno moja tu. Wangemjua vizuri, wangeogopa.

Bibi Ithungu yeye alikuwa na jambo lake. Katika ukoo wao, mtu aendaye safari ndefu hunawishwa maji na mikono iliyompokea alipozaliwa. Mikono hiyo ndiyo iliyomleta, na ndiyo yenye ruhusa ya kumwachia. "Na wewe," alimwambia Naome, "alikupokea mama yake mama yako, kule ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Ameshakufa. Lazima uvuke mto, unawe juu ya kaburi lake."

"Nitavuka, bibi. Nikishapata pasipoti."

Pasipoti ndiyo iliyobaki. Kuna karani aliyekuja Kasese kila Alhamisi kupokea fomu. Alhamisi hiyo Naome aliondoka alfajiri, akarudi alasiri nyumba ikiwa imejaa watu. Hakusalimu mtu. Akakaa juu ya gunia.

"Amekataa," alisema.

"Amekataaje?" Blasio, baba yake, alikuwa mtu wa maneno machache, hata hilo moja lilimtoka kwa shida.

"Maandishi niliyonayo ni cheti cha ubatizo tu. Kimeandikwa Kifaransa, cha misheni ya ng'ambo, kinasema nilizaliwa hukohuko. Akaniambia, 'Wewe dada ni Mkongo. Nenda ukaombe pasipoti kwenu.' Nikamwomba sana. Akasema nilete mtu mmoja, asiye ndugu, aliyekuwepo nilipozaliwa, aape kwamba nilizaliwa upande huu. Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho, fomu zinakwenda Kampala. Nikichelewa, nafasi yangu anapewa mwingine, na barua wameandika wazi kwamba hawatanipa tena." Akamgeukia Vasta. "Mama, wewe ndiye uliyenizaa. Ni kweli nilizaliwa ng'ambo?"

Watu kumi na tano waliacha kutafuna. Vasta, ambaye hakuwahi kupungukiwa na neno tangu azaliwe, aliutazama mlango.

"Si nimekwambia siku zote? Kwa bibi yako. Mikono ya mama yangu ndiyo iliyokupokea."

"Na mimi nikapeleka jogoo wa shukrani," bibi Ithungu akaongeza. "Jogoo mwekundu, mkubwa kama mbwa."

Zedekia, ambaye hakupenda kuona mtu analia, akaona aseme la kuchangamsha. Akaliinua blanketi. Alikwisha kufumua pindo. "Pasipoti iwepo isiwepo, koti litashonwa. Ila, Mama Naome, duka lako la Mhindi lilikuwa na mambo! Tazama hapa. Herufi za polisi, na namba. Tatu, moja, moja, sita. Mhindi gani huyu aliyekuwa konstebo?"

Hakuna aliyecheka. Wakati ule watu wa mlimani, Bwera ikiwemo, walikuwa wanadai utawala wao wenyewe, na kati yao na askari hakukuwa na kicheko, na blanketi la askari halitembei lenyewe mpaka chini ya kitanda cha mwanamke.

Ijumaa wageni walikuwa wachache. Jumamosi, sokoni, Vasta alikuwa ameinama kwenye vitunguu aliposikia sauti mbili nyuma ya turubai, sauti alizozijua, kwa sababu alizoea kuzipa chai.

"Wewe hukuwahi kujiuliza urefu ule ameutoa wapi? Blasio mwenyewe ananifika hapa."

"Miguu ile haikutoka mlimani, shoga yangu. Miguu ile ilikuja na lori la polisi."

Vasta alinunua vitunguu ambavyo hakuvihitaji akaenda zake. Njiani alikumbuka mara ngapi yeye mwenyewe alisema maneno kama hayo juu ya watoto wa wengine, tena kwa utamu zaidi.

Jumapili baada ya ibada alipika chai ya watu ishirini. Danieri alipita barabarani, akapunga mkono, akasema ana haraka. Danieri hakuwahi kuwa na haraka tangu Burma. Chai ikapoa. Upepo ulishuka kutoka mlimani, na mlango wa mvule ukagonga fremu yake, pa! Vasta alishtuka kama aliyepigwa kofi.

Blasio alikuwa amekaa pembeni na kofia yake magotini. "Mama Naome," alisema, "watu wananiuliza. Hawaniulizi kwa mdomo. Wananiuliza kwa macho. Niwajibu nini?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Vasta alizaa, tena jikoni kwa watu. Akafunga mlango kwa mkono wake, akasema yote.

Ilikuwa mwaka vita vya Wajerumani vilipokuwa vinaisha. Alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja, tumbo limefika mwisho, na alikuwa amewakaribisha barazani wanawake watatu waliokuwa wanapita na mizigo ya chumvi. Ithungu akatoka, akamkemea mbele yao: "Nyumba hii si soko!" Wanawake wakabeba chumvi yao wakaenda. Vasta akafunga kanga yake, akaondoka adhuhuri kwenda kwao ng'ambo ya mto Lhubiriha, akikusudia asirudi tena. Hakufika. Uchungu ulimkamata kwenye ua wa kituo cha polisi, upande huu wa mto. Mwanamke mmoja mrefu, aliyekuwa anaanika nguo, alimshika kabla hajaanguka. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo hata moja. Akamzalisha sakafuni jikoni, akakata kitovu kwa wembe mpya wa mumewe, akamfunga mtoto kwa blanketi alilolitoa kitandani.

"Siku ya tatu nikavuka. Mama yangu alishika kichwa. Binti aliyeiacha ndoa, tena amezalia kwa askari! Akasema, 'Wewe umekuja kwangu kuzaa, kama binti mwema. Tumemaliza.' Akaenda kwa padri akasema hivyohivyo. Halafu wewe ukaja kunichukua, umebeba jogoo wa mama yako."

Blasio aliizungusha kofia. "Kwa hiyo ulikuwa unanikimbia."

"Nilikuwa namkimbia mama yako."

"Mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

"Ulikuwa umekaa hapohapo pembeni. Umenyamaza. Kama sasa."

Naome alitokea mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia kila kitu. Vasta alingoja aulizwe kuhusu uongo wa miaka ishirini na minne. Naome aliuliza jambo moja tu: "Yuko hai?"

"Anaitwa Amony. Mumewe, Oryem, alikufa. Yeye anakaa kambi ya polisi Kasese, kwa mwanawe. Anauza ufuta wa kusaga sokoni. Mwaka jana nilimwona. Nikajificha."

"Kesho basi la kwanza," alisema Naome.

Basi lilisimama Kikorongo, wauza mahindi wakazunguka madirisha, na Vasta hakununua wala hakusemeshana na mtu. Kambini Kasese, kijana wa cheo cha sajini, kifua wazi, sabuni ya kunyolea shavuni, aliwapigia kelele kabla hawajafika mlangoni.

"Simama hapo! Nani nyinyi?"

"Tunamtafuta Mama Ojok, afande."

"Mama yangu? Watu ya mlima nataka nini na mama yangu?"

"Ojok, nyamaza, osha uso," sauti ilisema kutoka ndani. Akatoka mwanamke mrefu, mvi kichwani, mikono imepakaa ufuta mpaka viwiko. Alimtazama Vasta kuanzia miguuni. "Huyu najua. Mwaka jana alijificha nyuma ya gunia ya chumvi. Gunia ilikuwa ndogo. Miguu yake yote nje."

Vasta alipiga magoti vumbini. Maneno aliyoyapanga tangu Bwera yalimtoka ovyo: karani, cheti, Alhamisi, Kanada. Amony alisikiliza, akifuta mikono.

"Siku ile kwa jikoni yangu ulikuwa nalia 'mama, mama'. Neno hiyo moja tu nilisikia. Nikasema, basi, leo mama ni mimi. Siku ya tatu ukaenda. Hata jina ya mutoto hukuniambia. Mimi nikazaa huyu Ojok, nikazaa wengine, nikafukia wawili. Kila mara nauliza, ile ya kwanza niliyoshika, ilikufa ama iko? Halafu nakuona sokoni, na wewe naingia kwa chumvi. Ni aibu ya nini? Ya mimi?"

Vasta angeweza kusema hapana. Uongo mdogo, wa heshima, angeutoa bila kufikiri. Lakini alikuwa amechoka.

"Ndiyo, mama. Niliona aibu kwa sababu yako. Na kwa sababu yangu pia."

Ojok akasema watu hawa ndivyo walivyo, wafukuzwe. Ndipo Naome akapiga magoti kando ya mama yake.

"Mimi ndiye yule wa kwanza," alisema. "Naitwa Naome."

Amony alimwinua, akamsimamisha, akampima kwa macho kama anayenunua ng'ombe, akaishika mikono yake, akaigeuza. Ufuta ukawapaka wote wawili.

"Mbele ya karani nitasema. Mutoto haina makosa. Lakini kwanza," akamgeukia Vasta, "nitakula kwa nyumba yako. Mchana. Na nitaingia kwa barabara kubwa, si kwa nyuma ya migomba."

"Mama!" Ojok alipaza sauti. "Bwera? Huko nachukia askari. Watatupa mawe."

"Mimi nilivaa yunifomu lini? Watupe. Nitaokota, nijengee jiko."

Jumatano, basi lilipowashusha, Vasta hakuchukua njia ya mkato. Alimshika Amony mkono, akapita naye katikati ya soko, taratibu, akisimama kila kibanda. "Mgeni wangu. Mgeni wangu. Huyu ni mgeni wangu." Mwanamke mrefu ndani ya gauni la gomesi la kijani, akisalimu kulia na kushoto kwa Kiswahili cha kambini. Mawe hayakurushwa. Watu wa Bwera waliwachukia askari, lakini habari nzuri waliipenda zaidi. Walipofika nyumbani, nyuma yao kulikuwa na mkia wa watu kama harusi. Waliokosa nafasi ndani wakasimama madirishani, na wale wawili wa nyuma ya turubai walikuwa wa kwanza kukalia mkeka.

Bundu ya unga wa muhogo ikaletwa, na sombe ya majani yake, na samaki wa kukaushwa. Amony alikula kwanza, bila haraka. Kisha akasimulia: ua wa kituo, kamba ya nguo, wembe, blanketi.

"Sasa," alisema, "nasikia iko watu wanapima miguu ya mutoto. Nasema hivi. Mzee yangu Oryem ilifika hapa wiki mbili mbele ya siku ile, imetoka Gulu. Mimi mwenyewe nilikuwa bado nafungua masanduku. Nani hapa napanda mahindi leo, navuna wiki mbili? Aniuzie hiyo mbegu."

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Danieri alicheka mpaka akakohoa. Wale wawili wa mkekani walicheka kuliko wote, wakitazama chini. Pembeni Blasio alivaa kofia yake, akaivua, akasema kwa sauti ambayo watu hawakuijua, "Urefu ni wa babu yangu. Mngeniuliza, ningewaambia." Wakacheka tena. Vasta hakucheka. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake.

Bibi Ithungu hakuwa amecheka pia. "Aliyekuwa anakimbiwa ni mimi?" aliuliza.

Kicheko kikakatika.

"Ndiyo, mama," alisema Vasta.

"Nilisema nini siku hiyo? Mimi nimesahau."

"Ulisema nyumba hii si soko."

Kikongwe alizungusha macho yake polepole: watu mkekani, watu madirishani, mtoto mgongoni kwa mtu, kuku chini ya meza, mwanamke wa kambini amekaa kiti cha mwenye nyumba. Akatafuna ufizi.

"Na jogoo wangu mwekundu, alimla nani?"

"Mama yangu."

"Basi alimla bure." Akagonga fimbo chini. "Blasio! Kamata jogoo. Yule mkubwa, si yule mgonjwa. Mfunge miguu umweke mbele ya mwenyewe, huyu mgeni. Na wewe, Vasta, mimi na wewe tutaongea wageni wakiondoka."

"Hapa wageni hawaondokagi, bibi," alisema Zedekia.

"Najua," alisema Ithungu. "Ndiyo bahati yake Vasta."

Alhamisi karani aliwakuta wa kwanza mlangoni. Amony aliapa, akaweka dole gumba. Karani aliandika, akatikisa kichwa: neno tupu la mjane, cheti kinasema vingine. Ojok, aliyekuja na yunifomu kamili na uso wa mtu asiyetaka kuwepo, alitoa mfukoni karatasi ya babake ya kuachia kazi, yenye namba yake ya uaskari, imekunjwa mpaka imechoka. Zedekia akatandaza koti mezani, limeshonwa nusu, mkono mmoja bado, akageuza pindo. Karani alisoma karatasi, akasoma pindo. Tatu, moja, moja, sita. Akasoma tena tarehe ambayo Oryem alihamishiwa kituo cha mtoni. Kisha akachukua muhuri.

"Nimeona watu wakileta machifu," alisema, "nimeona wakileta mapadri. Blanketi, ni leo." Akagonga muhuri. Vasta aligundua kwamba alikuwa ameshika mkono wa Amony, na kwamba hakujua tangu saa ngapi.

Siku ya safari, mwisho wa Agosti, nusu ya Bwera ilifika Kikorongo kungoja basi la Kampala. Jua lilikuwa kali, lakini Zedekia alikataa katakata mtu kupanda basi kabla hajaliona koti mwilini, basi Naome alisimama njia panda amevaa blanketi zima mpaka magotini, jasho likimchuruzika, picha yake ya kifua kwapani. Namba ilikuwa ndani ya pindo. Zedekia alikuwa ameuliza kama aikate. Naome alisema akiikata hatamlipa.

Bibi Ithungu alishika kibuyu cha maji, lakini hakumwagia. Alimpa Amony.

Amony alimwagia Naome mikono polepole, akaisugua kwa yake, akaiacha. "Nenda," alisema. "Safari hii mimi najua jina."

Basi lilipokwisha kupotea, Vasta alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamshika Amony kiuno.

"Na jogoo yule? Mlimchinja?"

"Jogoo gani? Amekuwa mkubwa ya kambi. Ojok anampigia saluti." Akashusha sauti. "Lakini ngoja nikuambie habari ya mke ya inspekta..."

Vasta alisogeza sikio.